Jinsi ya kuchukua DNA kwenye kinyesi cha tembo

Kinyesi cha tembo ni majani na magome yaliyosagika, pamoja na bakteria wengi mno. Seli za tembo mwenyewe ni chache: zimebanduka kwenye ukuta wa utumbo wakati kinyesi kikipita, hivyo hukaa kwenye ute wa juu ya donge. Kwangua hapo. Ukichimba katikati utaondoka na nyuzi tupu.

Tafuta kinyesi kisichozidi saa 24, chenye ute unaong'aa, ambacho mbawakawa hawajakivuruga. Kilichonyeshewa kiache hata kikiwa cha asubuhi hiyo, maana maji yameshasuuza ute.

Vaa glavu mpya na tumia kijiti kipya kwa kila rundo. Kwangua donge moja tu, upande usiogusa ardhi. Tembo hupita kwa makundi, na ukichanganya madonge ya wawili, maabara itasoma mnyama asiyekuwepo.

Tia gramu 5 hivi kwenye chupa ya mililita 50 yenye mililita 30 za ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Wengi hujaza kinyesi kupita kiasi. Unyevu wake huizimua ethanoli, na vimeng'enya vinaendelea kuikatakata DNA. Spiriti ya asilimia 70 haifai kwa sababu hiyohiyo. Baada ya saa 24 hadi 36, mwaga ethanoli, kisha hamishia kinyesi kwenye chupa yenye punje za silika (zinazonyonya maji), ukivitenganisha kwa karatasi ya kuchujia. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba maji, ibadilishe.

Andika lebo kwa penseli, kwani ethanoli hufuta wino: tarehe, namba ya sampuli na vipimo vya GPS. Usipuuze GPS. Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walipochapisha mwaka 2015 asili ya pembe zilizokamatwa, waliweza kuonyesha kwamba nyingi za tembo wa savana zilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji kwa kuwa walikuwa na sampuli za kinyesi zenye mahali panapojulikana.

Maabarani, kila kundi la sampuli liambatane na chupa isiyo na kinyesi, ya kupimia uchafuzi. PCR (njia ya kunakili DNA hadi itoshe kusomwa) ikikataa, usikimbilie kuongeza DNA. Izimue mara kumi kwanza: mara nyingi tanini, kemikali chungu za majani, ndizo zinazozuia. Na pale aleli (toleo la jeni au kipande cha DNA) moja tu inapoonekana, rudia kipimo angalau mara tatu, kwani DNA ikiwa kidogo aleli ya pili huweza kupotea bila dalili.