Dawa ya nyanya: linda ngozi kabla ya pua

Wenzangu mnaolima nyanya huku Busia na kwingine, tuongee kidogo kuhusu profenofosi, hii dawa ya wadudu inayonuka kama kitunguu saumu na ukiimwaga kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa. Wengi tunajifunga kitambaa puani tunasema basi, kumbe mikono iko wazi, miguu iko kwenye ndala, na hii sumu inapita kwenye ngozi taratibu, mara nyingi hata haiwashi.

Mwilini kuna kimeng'enya kinachozima ishara ya neva msuli ukishatumwa kazi. Dawa za ukoo wa organofosfeti, profenofosi ikiwa mojawapo, zinakishika hicho kimeng'enya, ishara haizimiki, misuli inachezacheza mpaka inachoka, hata ile ya kupumulia. Ndivyo anavyokufa mdudu na ndivyo anavyokufa mtu. Sarini, sumu ya vita iliyotengenezwa Ujerumani 1938 na watu waliokuwa wanatafuta dawa ya wadudu, ni ya ukoo huu huu, ingawa yenyewe ni kali mara nyingi zaidi.

Sasa sikia, pabaya zaidi ni pale kwenye kupima, maana kwenye chupa dawa bado ni nzito. Mdogo wangu alipima kwa kizibo, ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akajifutia kwenye suruali pajani akaendelea kupiga mpaka saa sita mchana na suruali ile ile. Jioni jasho linamtiririka, mate yanamjaa, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na nyama ya paja inaruka pale pale alipojifutia.

Kwa hiyo vaa glavu za mpira kabla hujafungua chupa, za kitambaa hapana, zinanyonya dawa zikaishikilia kwenye ngozi. Gambuti, suruali ije nje ya gambuti, mikono mirefu, na kama huna eproni funga kavera, yaani karatasi ya plastiki, kubwa mbele na mgongoni chini ya pampu. Pampu ijaribu kwanza na maji matupu, ikivuja tengeneza. Upepo uwe mgongoni. Nozo ikiziba usipulize kwa mdomo jamani, osha na maji na brashi laini. Ukimaliza oga kwa sabuni, nguo zifuliwe peke yake, na dawa iliyobaki usiiweke kwenye chupa ya soda, watoto watakunywa.

Mtu akianza kutapika, kuchuruzika mate, kuona giza au kifua kubana, mtoe shambani, mvue nguo zote, muoshe na maji mengi na sabuni, na wewe unayemuosha vaa glavu. Maziwa hayafuti sumu hii. Usimtapishe, ile dawa ina mafuta yanayoweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, tafuta boda au gari mpaka hospitali yenye atropini, dawa inayopinga sumu hii, na beba chupa yenye lebo, daktari ataisoma.

Akipata nafuu msikimbilie kumrudisha nyumbani. Kati ya siku ya kwanza na ya nne shingo inaweza kulegea ghafla, na pumzi ikafuata, kwa hiyo kila asubuhi mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto, akishindwa muite nesi hapo hapo.