Somo: Kupiga hesabu ya kisima kimoja cha mafuta ya sheili, North Dakota

Wakuu, juzi tulibishana hapa kama mafuta ya sheili yanalipa au ni kiini macho. Nimeona tuache maneno, tushike kalamu. Nasema sheili, ule mwamba wa tope lililogandamana, si sheli unakojaza petroli ya bodaboda.

Nachukua ukanda wa Bakken, ulio chini ya North Dakota na Montana huko Marekani na kuingia hadi Saskatchewan, Kanada. Jina limetokana na Henry Bakken, mkulima wa karibu na mji wa Tioga. Mafuta yaligunduliwa maeneo hayo mwaka 1951, lakini mwaka 2005 jimbo zima la North Dakota lilikuwa bado linatoa kama mapipa laki moja tu kwa siku. Mwamba ulikuwa umeyabana. Wachimbaji walipojua kupindisha kisima kilale ndani ya tabaka, kisha kuupasua mwamba kwa maji na mchanga kwa shinikizo kubwa, mambo yakageuka: Aprili 2014 jimbo lilipita mapipa milioni moja kwa siku, na mwishoni mwa 2019 lilifika kama milioni moja na nusu.

Hatua ya 1: Jua mali ya chini ni ya nani. Marekani, shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na madini yaliyo chini yake yakawa ya mwingine. Mkulima anapanda ngano, malori yanampita na vumbi lake, halafu mrabaha (fungu la mauzo analolipwa mwenye madini) unakwenda kwa mtu wa jimbo jingine ambaye babu yake aliuza ardhi lakini akabakiza haki ya madini. Mrabaha huwa kati ya moja ya nane na moja ya tano ya mauzo. Sisi tutatumia moja ya sita.

Hatua ya 2: Pima eneo. Kisima hushuka kama kilomita 3, kisha kinalala kama kilomita 3 nyingine. Kwa hiyo hakitoshi kwenye kipande cha mtu mmoja. Tume ya Viwanda ya jimbo, yenye wajumbe watatu tu (gavana, mwanasheria mkuu na kamishna wa kilimo), hutenga eneo, mara nyingi ekari 1,280, na wenye madini waliomo ndani wanagawana kwa ukubwa wa vipande vyao. Anayegoma kusaini, tume inaweza kumuunganisha kwa amri.

Hatua ya 3: Shuka na pipa moja. Hizi ni namba zangu za mfano. Bei ya soko dola 60. Toa 6 za usafiri, kwa sababu North Dakota iko mbali na viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta: zimebaki 54. Toa mrabaha, 45. Toa kodi za jimbo, ambazo jumla ni asilimia 10, 40.5. Toa dola 10 za uendeshaji, pamoja na kutupa maji ya chumvi yanayopanda na mafuta. Mchimbaji anabaki na 30.5.

Sasa shusha bei ya soko hadi 40, rudia ngazi zilezile. Nimepata 15.5. Bei imeshuka kwa theluthi, fungu la mchimbaji limekatika nusu! Hapa ndipo wengi wanapoteleza: jimbo na mwenye madini wanakula kwenye mauzo, mchimbaji anakula makombo.

Hatua ya 4: Weka mteremko. Kisima cha sheili hutoka kwa kishindo kisha kinapwaya. Mwaka wa kwanza tu hupoteza zaidi ya nusu ya kasi yake. Chukua kisima cha dola milioni 8 kinachotoa mapipa 150,000 mwaka wa kwanza, 60,000 wa pili, 40,000 wa tatu. Zidisha kwa 30.5: jumla ni dola milioni 7.6. Miaka mitatu imepita na mtaji bado haujarudi wote. Kwa 15.5 unapata milioni 3.9, hata nusu haijafika.

Ili uzalishaji wa jimbo usishuke, lazima visima vipya vichimbwe kila mwezi. Ni kuteka maji kwa pakacha. Mei 2012 mitambo 218 ilikuwa inachoronga kwa wakati mmoja. Kazi hizo zilivuta watu: mji wa Williston ulikuwa na watu 14,716 mwaka 2010; sensa ya 2020 ilihesabu 29,160.

Hatua ya 5: Ongeza gharama ya kanuni. Kanuni zilikuja nyuma ya mafuta. Gesi inayotoka na mafuta ilikuwa inachomwa hewani kwa kukosa mabomba, kiasi cha kuonekana usiku kutoka angani. Mwaka 2014 tume iliweka malengo ya kunasa gesi yanayopanda kwa ngazi, ambayo baadaye yalirekebishwa hadi asilimia 91. Na baada ya treni iliyobeba mafuta ya Bakken kulipuka Lac-Mégantic, Quebec, Kanada, Julai 2013 na kuua watu 47, tume iliamuru mafuta yapunguzwe mvuke unaolipuka kirahisi kabla ya kusafirishwa, kuanzia Aprili 2015. Bomba la Dakota Access, la kusafirisha mafuta hayo, lilianza kazi Juni 2017, baada ya upinzani mkubwa wa Wasioux wa Standing Rock, wenyeji asilia waliohofia maji yao.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama Ntilie wa Tanga:* Mwalimu, mafuta ya Hoima, Uganda, yanayokuja kwetu kwa bomba nayo ni sheili?

Hapana dada. Yale ya Ziwa Albert yamo kwenye mchanga wenye vinyweleo. Tabu yake ni nta: yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba linapashwa moto.

*Mzee wa Lodwar:* Yakipatikana chini ya shamba langu, nami nitapata moja ya sita?

Shikamoo mzee. Kwa sheria za Kenya hapana, mafuta ni mali ya umma. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa fungu la serikali: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya eneo. Uganda na Tanzania pia mafuta si ya mwenye shamba.

*Kalamu Nyekundu:* Umesema kodi asilimia 10. Mimi najua 11.5.

Uko sahihi kwa kipindi cha kabla ya 2016. Ila sheria ya zamani ilikuwa na kifungu cha kusamehe kodi ya uchimbaji bei ikianguka kwa muda mrefu. Mwaka 2015 wabunge walipunguza kiwango, wakakiondoa kifungu hicho. Kwangu mimi, walifanya biashara nzuri. Tangu 2011, asilimia 30 ya mapato ya kodi za mafuta huwekwa kwenye Legacy Fund, mfuko wa akiba walioupigia kura wananchi 2010.

*Fundi Bomba:* Kama bei mbaya hailipi, kwa nini wanaendelea kuchimba?

Mkuu, mkataba wa madini una muda, mara nyingi miaka mitatu. Usipochimba, unaupoteza, ukichimba na mafuta yakatoka, unabaki nao. Halafu kuna mikopo ya benki inayodai kila mwezi. Kampuni ya Whiting, iliyokuwa miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa Bakken, iliomba kinga ya kufilisika tarehe 1 Aprili 2020. Siku 19 baadaye, bei ya mkataba wa mafuta ya Marekani ilifunga chini ya sifuri, hasi dola 37.63 kwa pipa, yaani muuzaji ndiye anamlipa mnunuzi. Jaribu kuiweka hiyo kwenye Hatua ya 3.