Fomu ya ridhaa ya picha na video, jinsi ya kuiandika mtu akaielewa kabla hajasaini

Nianze na kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja wa korosho nilipata kazi ya kupiga picha wabanguaji huko Newala, mteja akanitumia fomu ya Kiingereza kurasa mbili akasema kila utakaempiga picha asaini. Nikamkuta mama mmoja kakaa kwenye mkeka, anagonga korosho moja moja juu ya jiwe, vidole vyeusi kwa yale mafuta ya ganda, nikamwambia mama weka alama hapa ni ya kawaida tu. Akajifuta kwenye kanga, akabonyeza dole gumba, tukaendelea. Miezi imepita napigiwa simu na mwanae, anasema kaka sura ya mama yangu ipo kwenye pakiti za korosho zinauzwa madukani, amelipwa shilingi ngapi? Sikua na jibu, maana hakulipwa hata mia, na alipoulizwa alisaini nini akasema yule kijana aliniambia ni ya kawaida tu.

Sisi wa kusini mwa Tanzania tunaijua kangomba, unaenda kwa mtu ana shida kabla ya msimu unamchukulia korosho zake kwa bei ya kutupa, na yeye anakubali kwa kuwa hana pa kukimbilia. Nilichokifanya siku ile ilikua kangomba ya sura, na nilifanya nikiwa na karatasi iliyosainiwa kabisa.

Sasa twende kwenye kazi. Fomu ya ridhaa ni makubaliano ya maandishi, mwenye sura au mwenye sauti anakubali picha yake itumike kwa matumizi fulani, basi. Haimaanishi kakuuzia sura. Na wewe mpiga picha usichanganye, ile picha kama kazi ya ubunifu kwa kawaida ni ya kwako kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 (ila kama umeajiriwa au mteja ndo kakuagiza, angalia kwanza mmeandikiana nini), ila uso uliomo ndani una mwenyewe. Chukua mfano mchongaji wa Kimakonde kakaa kibarazani kwake na kinyago alichomaliza jana. Hapo kwenye picha moja kuna vitu vitatu: sura yake, kinyago ambacho nacho ni kazi yake yenye hakimiliki, na nyumba ambayo labda ni ya mtu mwingine. Kukubali kupigwa picha haimaanishi kakuruhusu kuchapisha kinyago chake kwenye fulana mia tano ukauze.

Hii sio adabu tu, ni sheria. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu. Alafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi kama ilivyo namba yake ya simu. Sheria ya Mikataba nayo inataka mtu akubali kwa hiari, bila kulazimishwa wala kudanganywa, kwaiyo lile neno langu la "ni ya kawaida tu" lingetosha kabisa mwanasheria wa yule mama kuichana ile fomu mbele ya hakimu.

Je kila picha inataka fomu? Hapana. Ukipiga uwanja wa Nangwanda Sijaona umejaa, au pilika za asubuhi wavuvi wanashusha samaki, na ni habari, huwezi kumfuata kila mtu na kalamu. Lakini ukikata uso wa mtu mmoja kutoka kwenye umati ukauweka kwenye tangazo la saruji au bango la mtandao wa simu, hapo umetoka kwenye habari umeingia kwenye biashara na fomu ni lazima. Hata ukitaka kuuza picha nje kupitia Shutterstock au Getty Images ni hivohivo, sura inayotambulika bila fomu iliyosainiwa hawaipokei kwa matumizi ya kibiashara, itabaki ya kihabari tu.

Kuandika sasa. Kwanza andika Kiswahili. Wapo wanaoamini fomu bila Kiingereza haina nguvu, sio kweli, tangu mwaka 2021 sheria imeshaifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mteja wa nje mpe tafsiri yake pembeni, ila inayosainiwa iwe ile mwenye sura anaielewa.

Moyo wa fomu ni kipande cha matumizi, hapa usikimbie. Fomu nyingi za kudownload zinasema hivi: "natoa ruhusa picha zangu zitumike popote, kwa namna yoyote, milele". Msomee bibi yako sentensi hiyo alafu muulize kakubali nini, hatokwambia, kwa sababu popote haina sura kichwani kwa mtu. Mimi sasa hivi naandika hivi:

"Mimi ________ wa kijiji/mtaa wa ________ nimekubali picha na video nilizopigwa na ________ tarehe ________ hapa ________ zitumike kwenye vile tu nilivyoweka alama: kurasa za mtandaoni za ________ / kalenda na vipeperushi / pakiti ya bidhaa / bango la barabarani / televisheni. Muda ni miaka ____ kuanzia leo. Matumizi mengine yoyote nitaulizwa upya."

Kila kimoja kina kisanduku chake cha kuweka alama na unavipitia kimoja kimoja kwa mdomo, ukifika kwenye pakiti mwonyeshe pakiti yenyewe kama unayo, ukifika mtandaoni toa simu mwonyeshe ukurasa wenyewe aone watu wanavyokomenti. Inachukua dakika kumi. Utaona mtu anakubali vitatu anakataa viwili, na hapo ndo unajua ameelewa, mtu anaekubali vyote bila swali ndo wa kumrudia upya.

Kipande cha pili ambacho wengi hawaweki ni maana ya picha. Unampiga dada wa watu Ruangwa anacheka shambani, mwaka unaofuata picha iko kwenye bango la ugonjwa au la ndoa za utotoni, na yeye haumwi na hajawahi kuolewa, kijijini ataishije? Kwaiyo ongeza: "Picha yangu isiwekewe maneno ambayo sijayasema, wala isitumike kuonyesha kwamba nina ugonjwa, nimefanyiwa ukatili au nina shida ambayo sijaisema mwenyewe." Na siku hizi ongeza na hili, "sura na sauti yangu visitumike kutengeneza picha, video au sauti za bandia kwa akili mnemba (AI)", maana sauti ya dakika mbili tu inatosha kumsemesha mtu mambo ambayo hajawahi kuyawaza.

Malipo yaandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya kulipwa. Makubaliano ambayo upande mmoja haupati chochote kwa kawaida kisheria yana udhaifu, ila sio lazima iwe hela, inaweza kua picha kumi zilizosafishwa za familia, muhimu iandikwe na itolewe kweli. Kama picha inaenda kwenye bidhaa mimi naona pesa ni haki, sina mjadala hapo.

Kujitoa pia weka. Andika namba ya simu na njia ya mtu kusema sitaki tena, na useme ukweli kwamba mtandaoni utafuta ndani ya siku kadhaa ila kalenda zilizokwisha kuchapishwa hutoweza kuzirudisha. Kwa taarifa nyeti, na hapo zimo za afya na za watoto, ile sheria ya 2022 inataka ridhaa ya maandishi kabisa, na mtu anaweza kuiondoa muda wowote bila kutoa sababu wala kulipia.

Watoto sasa. Chini ya miaka 18 anasaini mzazi au mlezi, mwalimu mkuu hawezi kusaini kwa niaba ya darasa zima hata kama ndo kakukaribisha shuleni na kakupa soda. Na mtoto mwenyewe muulize, akijificha nyuma ya mama yake hilo ni jibu. Jando na unyago usiguse kabisa, hata kama mzazi mmoja kakubali kwa hela, yale ni ya watu wote waliopita mule na hakuna mmoja mwenye mamlaka ya kuyasainia.

Asiejua kusoma asomewe fomu yote kwa sauti mbele ya shahidi ambae amemchagua YEYE, sio dereva wako. Bibi anaeelewa vizuri Kimakonde au Kimwera au Kiyao tafuta mjukuu wake amtafsirie. Dole gumba linakubalika, chini yake andika jina la aliesoma, la shahidi na lugha iliyotumika. Mimi naongeza na klipu fupi, anasema jina lake na nini kakubali kwa maneno yake mwenyewe.

Mahali nako kuna ruhusa yake. Nyumba za zamani za Mikindani tafuta mwenye nyumba, mpangaji hatoshi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, omba kibali cha wanaosimamia kabla hujapanda boti. Filamu ina kibali cha Bodi ya Filamu, droni ina taratibu za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mitambo ya gesi ya Madimba na Songosongo usielekeze kamera bila ruhusa ya maandishi. Kama kazi ina hela nyingi au mkataba ni wa nje, mpelekee wakili rasimu yako aisome, itakugharimu kidogo kuliko kesi.

Ukishasainiwa acha nakala palepale, usiseme ntakuletea. Kama huna fotokopi sainisheni mbili. Piga picha fomu kwa simu, faili lipe jina na tarehe sawa na folda ya picha, vinginevyo baada ya miaka miwili utakua na sura mia na karatasi mia na hujui ipi ya nani.

Yule mama nilirudi kwake. Mteja alinikatalia mwanzoni, nikambana mpaka akakubali kumlipa za nyuma na kuandikiana upya, nikakaa nae kwenye mkeka uleule mwanae akisoma kwa sauti. Pakiti akakubali, kalenda akakubali, tulipofika bango la barabarani akatikisa kichwa. Nikamuuliza kwa nini mama, akasema pale njia panda napita kila siku kwenda kisimani, sitaki kukutana na mimi mwenyewe. Nikaacha kile kisanduku kitupu. Nakala yake kaikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa nailoni anaotunzia stakabadhi zake za korosho.