Namna ya kujua kama pesa na cheo vimeshaanza kukubadilisha, na cha kufanya kabla hujachelewa

Tuna ule msemo wa maskini akipata matako hulia mbwata, na tunaupenda kwa sababu unatupa jibu rahisi, kwamba shida ni huyo maskini, hakuzoea. Mi naona tunakosea hapo. Hata waliozaliwa ndani ya hela wanalia mbwata vile vile, ila wao tumewazoea hatusikii tena. Hela na cheo vikizidi sana vinamwondolea mtu kitu kimoja ambacho hakijui mpaka kimeshaondoka, nacho ni ile haja ya kumsoma mwenzake usoni. Mtu wa chini anaishi kwa kusoma sura za watu, bosi leo kaamkaje, mwenye nyumba kakasirika au ana haraka tu, huyu karani nimwombe sasa hivi au nirudi kesho. Mwenye nguvu akisoma vibaya hasara hampati yeye, inampata mwingine, kwa hiyo taratibu anaacha kusoma.

Kuna kajaribio kadogo ka mwaka 2006 ka mtafiti wa saikolojia Adam Galinsky na wenzake huko Marekani. Kundi moja liliambiwa likumbuke siku walipokuwa na nguvu juu ya mtu, kundi lingine likumbuke siku mtu alipokuwa na nguvu juu yao, afu kila mmoja akaambiwa ajiandikie herufi E kwenye paji la uso kwa maka. Wale waliokumbushwa nguvu zao ndo mara nyingi zaidi waliandika E inayosomeka vizuri kwao wenyewe, aliyesimama mbele yao anaiona imegeuka. Na hapo hawakupewa hata senti, walikumbuka tu.

Mtafiti mwingine anaitwa Paul Piff, yeye aliwachezesha watu Monopoly, ule mchezo wa ubaoni wa kununua na kukodisha nyumba kwa hela za bandia, ila iliyopindwa makusudi. Wanarusha sarafu, anayeshinda anaanza na hela mara mbili ya mwenzake na anachezea dadu mbili wakati mwenzake ana moja. Kila mtu mezani anajua mchezo umepindwa, na bado yule tajiri anaanza kupaza sauti na kugongesha kete yake kwa nguvu ubaoni, na mwisho akiulizwa umeshindaje anaeleza alivyopanga mikakati. Sarafu haitaji kabisa.

Sasa usichukue hizi kama msahafu, maana mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani waliotumia takwimu za watu wengi zaidi walikuta wenye hali nzuri ndo walikuwa wanatoa na kujitolea zaidi. Kwa hiyo sisemi kila tajiri ni katili, wapo wema sana. Ninachosema ni kwamba upofu huu unamjia yeyote, mwema kwa mbaya, na mwenyewe hauoni, ndo maana inabidi uutafute kwa makusudi.

Anza na hili: kaa chini ujiulize mwezi uliopita ni nani alikwambia hapana, jina kabisa. Sio aliyesema "sawa bosi ila labda", hapana yenyewe. Kama humpati hata mmoja, usifurahi ukadhani unaongoza vizuri. Wahenga walisema ukubwa jalala, mkubwa ndo anatupiwa takataka zote, malalamiko, lawama, habari mbaya. Jalala likiwa safi maana yake sio kwamba watu hawana taka, wameacha kukuletea wewe, wanazitupa njiani.

Pili, angalia watu wanavyocheka. Niliwahi kufanya kazi chini ya mtu ambaye mwanzo tulikuwa naye daraja moja, tunagawana meza, mtu mpole kabisa. Akapanda. Siku moja kwenye kikao akamtania dada mmoja wa masjala kuhusu mavazi yake, utani mbaya, hauna hata uchekeshaji, na tukacheka chumba kizima, mimi nikiwemo, nilicheka kwa sauti. Yule dada naye akacheka, nikaona mkono wake unakunja kona ya karatasi, anakunja, anakunjua. Wiki iliyofuata yule bwana akarudia tena, na kwa nini asirudie, si sisi tulimwambia anachekesha? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na waliokuwa wanamsifu mgema huyu tulikuwa sisi. Kwa hiyo kama uko chini usome hapa vizuri, kutocheka ni kitu unachoweza kufanya, hakina kelele wala barua ya kukufukuza. Na kama uko juu, sema kitu ambacho unajua hakichekeshi uone nani atacheka. Wakicheka wote una shida tayari.

Tatu, na hii kwangu ndo kubwa kuliko zote, uwe na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukusema ambaye humlipi mshahara. Juni 1940 Ufaransa imeshaanguka, Winston Churchill ana mwezi na kitu tu kwenye uwaziri mkuu wa Uingereza, vita vimemkalia shingoni, na mkewe Clementine akamwandikia barua. Alimwambia kuna rafiki yao wa karibu aliyemjia akamweleza kwamba kuna hatari wenzake na walio chini yake wakamchukia kwa ukali wake na kejeli, na kwamba Clementine mwenyewe kaona mumewe amebadilika, hana ule upole aliokuwa nao. Barua hiyo aliiandika kwanza akaichana, afu akaiandika upya na kumpa. Mi huwa nafikiria sana ile iliyochanwa. Hata mke, ndani ya nyumba yake, alihitaji mara mbili. Sasa mhudumu wako wa ofisini atahitaji mara ngapi?

Nne, tumia kitu unachokisimamia. Unaongoza hospitali, kaa kwenye foleni yake bila kutaja jina. Una kampuni, piga ile namba ya huduma kwa wateja usubiri kama wengine wanavyosubiri. Hapa ndo tabia ya mtu mmoja inageuka kuwa ugonjwa wa jamii nzima, kwa sababu anayeamua kuhusu shule za umma watoto wake hawasomi huko, anayepanga usafiri hapandi, na huduma inakufa polepole bila mwenye uwezo wa kuiokoa kusikia maumivu. Ripoti ya dunia ya kutokuwa na usawa ya mwaka 2022 inasema asilimia 10 ya watu wenye mali zaidi wanashika asilimia 76 ya mali yote duniani, na nusu nzima ya watu huku chini tunagawana asilimia 2. Ukiwa kule juu kabisa unaweza kuishi maisha yako yote bila kukutana na foleni.

Tano, usitegemee tabia peke yake, hata yako. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliondoka baada ya vipindi viwili mwaka 1797, na kwa miaka zaidi ya 140 hakuna rais wa huko aliyeshinda cha tatu, ilikuwa ni heshima tu, haikuandikwa popote. Franklin Roosevelt akaja akashinda mara nne. Sio kwamba alikuwa mtu mbaya, wengi walimpenda, lakini watu wakaona heshima haitoshi na mwaka 1951 ikawekwa kwenye katiba. Fanya hivyo hivyo kwenye chama chenu, kikundi chenu, kampuni ya familia, wekeni tarehe ya mtu kuondoka wakati bado mnampenda, maana mkishamchoka hatakubali. Chuck Feeney aliyetajirika kwa maduka yasiyotoza ushuru alifanya hivyo kwa hela zake, akagawa zaidi ya dola bilioni 8, kwa miaka mingi bila kutaja jina, na taasisi yake ikafungwa kabisa mwaka 2020 akiwa bado hai.

Ukitaka kuanza leo, anza na ile ya tatu. Chagua huyo mtu, mwandikie meseji kwamba akiona umeanza kubadilika akwambie, na umtajie kitu kimoja kidogo anachoweza kukuangalia nacho, labda unavyoongea na walinzi, au unavyomkatisha mtu maneno. Atakujibu kwamba uko sawa tu, hamna shida. Usiridhike na hilo jibu, muulize tena baada ya mwezi. Na siku akikuandikia kitu kinachouma, usijibu siku hiyo.