Jinsi ya Kusoma Ufunuo kwa Njia ya Ishara: Somo na Maswali ya Washiriki

Wapendwa, wengi hukifungua kitabu cha Ufunuo wakiwa na hofu, wakakifunga wakiwa na hofu zaidi. Hainipendezi hata kidogo, kwa sababu kitabu hiki kinaanza kwa kumwita heri asomaye na wale wasikiao (1:3). Chukueni Biblia, twende polepole.

Hatua ya 1: Anza na waliokipokea kwanza. Yohana alikuwa kisiwani Patmo, akayaandikia makanisa saba ya Asia, kuanzia Efeso hadi Laodikia. Watu wale waliishi chini ya Rumi, na kitabu kilikuwa na neno kwao. Tafsiri ambayo Mkristo wa Smirna, mojawapo ya makanisa yale saba, asingeweza kuambulia chochote kwayo, itilie shaka.

Hatua ya 2: Tafuta ufunguo ndani ya kitabu chenyewe. Mara kadhaa ishara inafasiriwa papo hapo. Vinara saba ni makanisa saba (1:20). Maji aliyoketi juu yake yule kahaba ni jamaa na makutano na mataifa na lugha (17:15). Kitabu kinajieleza kuwa kinasema kwa picha. Usikilazimishe kusema kama ripoti ya habari.

Hatua ya 3: Rudi kwa manabii. Hapa kaeni sana, maana ndipo wengi hukosea. Ufunuo umejaa Danieli, Ezekieli, Zekaria na Isaya. Wanyama wanne wa Danieli 7 wanaungana kuwa mnyama mmoja katika Ufunuo 13: chui, dubu, simba, na pembe kumi. Danieli 7 inasema wazi kwamba wanyama wale ni wafalme na falme. Basi mnyama wa Yohana ni utawala unaojitwalia ibada iliyo haki ya Mungu.

Na nyota kuanguka? Isaya 13 inatabiri kuanguka kwa Babeli kwa kusema nyota hazitatoa nuru na jua litatiwa giza. Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliiteka Babeli mwaka 539 KK, na nyota zilibaki mahali pake. Nabii alikuwa anatangaza kwamba dola kuu imezimwa. Vivyo hivyo Petro, siku ya Pentekoste, alinukuu nabii Yoeli juu ya jua kuwa giza na mwezi kuwa damu, akasema neno hilo ndilo lililokuwa likitimia mbele yao (Matendo 2:16-20).

Hatua ya 4: Namba zibebe maana, zisiwe kalenda. Saba ni ukamilifu. Wale 144,000 waliotiwa muhuri (7:4) ni 12 mara 12 mara 1,000: watu wote wa Mungu. Waliogeuza namba za unabii kuwa tarehe wameumiza waumini wengi. Wafuasi wa William Miller, mhubiri wa Marekani, walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, na siku ikapita.

Hatua ya 5: Linganisha alichosikia Yohana na alichoona. Katika sura ya 5 anasikia habari za Simba wa kabila ya Yuda. Anapotazama, anaona Mwana-Kondoo kama amechinjwa. Ushindi wa Kristo ni msalaba. Kwangu huu ndio moyo wa kitabu chote, na tafsiri yoyote ya vita inayomsahau Mwana-Kondoo imepotea njia.

MASWALI

*Mwalimu, tukisema ni ishara, si tunakana kwamba Yesu atarudi?*

Hapana, dada yangu. Augustino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, aliifasiri miaka elfu ya Ufunuo 20 kuwa wakati wa kanisa, na bado alikiri kurudi kwa Bwana, ufufuo na hukumu. Ishara huelekeza kwenye jambo la kweli.

*Bwana asifiwe. Je, kusoma kiroho si kila mtu kujitungia maana?*

Huweza kuwa hivyo, ndugu, mtu akiruka hatua ya 2 na ya 3. Maana ikikosa mzizi katika Maandiko, iache, hata kama imekugusa.

*Mtumishi, 666 ni chipu ya mwilini?*

Usihangaike na chipu, mpendwa. 666 ni namba ya jina la mnyama (13:18). Herufi za Kiebrania zilitumika pia kama tarakimu, na jina Neron Kaisari, yaani Nero mtawala wa Rumi, likiandikwa hivyo jumla yake ni 666. Nakala chache za kale zina 616, na jina lilelile bila n ya mwisho linatoa hiyo 616. Wasomaji wa kwanza walikuwa na mtawala wa kumfikiria. Kuhusu alama ya mnyama mkononi na usoni (13:16), soma Kumbukumbu la Torati 6:8, ambapo maneno ya Mungu yanafungwa mkononi na katikati ya macho: ni habari ya utii katika matendo na mawazo. Kisha usiishie 13:18. Mstari unaofuata, 14:1, unaonyesha watu wenye jina la Mwana-Kondoo na la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao, na sijaona mtu yeyote akiuliza jina hilo litaandikwa kwa kifaa gani.