Kabla hujaanza kuhesabu wagonjwa wa mafua mtaani

Usingoje nusu ya darasa ibaki nyumbani ndipo ushike daftari. Jipange sasa.

Kipimajoto kijaribu kabla ya kutoka, betri huisha kimyakimya. Beba saa au simu inayoonyesha sekunde. Vaa barakoa, maana utaingia nyumba kumi asubuhi moja. Majina ya wagonjwa yasifike kwenye kikundi cha WhatsApp. Namba ya nyumba inatosha.

Sasa neno "homa". Hili lisome mara mbili. Mwaka wangu wa kwanza kuzunguka Obunga, hapa Kisumu, niliandika "homa" mstari kwa mstari, ukurasa mzima. Lakini huku kwetu mwili ukichemka ni homa, malaria ni homa, mafua makali ni homa. Mama mmoja alinijibu akiwa anafua mlangoni: "Mtoto ana homa tu, nimempa dawa ya maji." Nikaandika homa, nikashukuru, nikaenda zangu. Mtoto alikuwa amelala mkekani nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka niliposimama. Nilipopita tena baada ya siku mbili alikuwa anapumua mbio, chini ya mbavu kunabonyea kila akivuta hewa. Tulimkimbiza kwa bodaboda. Muuguzi akaniuliza: ilianza lini? Amepimwa malaria? Anakohoa tangu siku gani? Nikafungua daftari, na ndani mlikuwa na neno moja tu. Ilikuwa nimonia. Alilazwa, akapona, namshukuru Mungu.

Tangu hapo siandiki jina la ugonjwa. Naandika joto, kikohozi, umri, kama malaria imepimwa na jibu lake, na siku dalili zilipoanza. Shirika la Afya Duniani huhesabu mtu kuwa na ugonjwa wa aina ya influenza, yaani mafua makali, akiwa na joto la digrii 38 au zaidi pamoja na kikohozi, vyote vimeanza ndani ya siku 10. Bila tarehe ya kuanza huwezi kumhesabu. Ukiandika tarehe uliyomtembelea, mtaa wote utaonekana umeugua Jumamosi kwa sababu wewe huzunguka Jumamosi. Influenza hujitokeza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo tarehe ndizo zitakazokuonyesha nyumba ipi ilitangulia na ipi ilifuata.

Mtoto mwone kwa macho yako. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, si akilia. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 4 akifika 40, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea au akishindwa kunyonya, acha hata kumaliza kuandika.

Huku ziwani malaria iko mwaka mzima, hivyo kila joto lipimwe hata kama makamasi yanatiririka. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Wenzetu wa Nakuru husingizia baridi ya Julai, kumbe ni virusi, na madirisha yaliyofungwa huku watu sita wakilala chumba kimoja huvisaidia. Antibiotiki zilizobaki kabatini haziui virusi, usiruhusu zigawanywe. Nyumba zenye wajawazito, wazee, wenye pumu na watoto wachanga uzijue mapema. Nawa mikono kati ya nyumba na nyumba. Usiende na mwanao. Na ukiamka koo linawasha, baki nyumbani, mtume mwingine.