Namna ya Kuchunguza Asili ya Ndege wa Nembo ya Chuo: Mfano wa Jayhawk wa Kansas

Anayetaka kuandika historia ya ndege anayeiwakilisha shule au chuo aanze na jina kabla ya kugusa picha, kwani mara nyingi jina hutangulia mchoro kwa miaka mingi. Mfano mzuri ni Jayhawk wa Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence, Marekani, ambaye kumbukumbu zake zimetunzwa vizuri.

Jayhawk hayupo porini. Ni ndege wa kubuni, aliyeunganishwa kutokana na ndege mwenye makelele anayepora viota (kwa Kiingereza "jay") na kipanga mdogo mwindaji ("hawk"). Katika miaka ya 1850, watetezi na wapinzani wa utumwa walipokuwa wakipigana Kansas, jina hilo walipewa wapiganaji wa pande zote mbili, ndipo baadaye likabaki kwa wapinzani wa utumwa. Kansas ilijiunga na Marekani mwaka 1861 ikiwa jimbo lisilo na utumwa, na mwaka 1863 Lawrence ikachomwa moto na kundi la William Quantrill, kiongozi wa wapiganaji waliotetea utumwa. Hapa mchunguzi awe mkweli: baadhi ya waliojiita kwa jina hilo walipora mali za watu katika jimbo jirani la Missouri, na historia inayoficha jambo hilo ili kumpamba ndege haifai kuandikwa.

Baada ya jina, tafuta michoro yote na uipange kwa miaka, ukiandika kando ya kila mmoja nani aliuchora na ulichapishwa wapi. Itazame kwa makini, hata miguuni. Mwaka 1912 mwanafunzi Henry Maloy alimchora Jayhawk akiwa amevaa viatu, ili aweze kuzipiga mateke timu pinzani. Mwaka 1923 akafanana na bata. Mwaka 1929 Forrest Calvin akampa sura kali na makucha yaliyo tayari kwa vita. Na mwaka 1946 Harold Sandy akamchora akitabasamu, sura ambayo ingali ikitumika. Tabasamu hilo lilikuja mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini usiandike kwamba amani ndiyo iliyolileta mpaka upate ushahidi wa mchoraji mwenyewe au wa gazeti la wakati huo.

Umaarufu ni suala jingine, nalo lisichanganywe na asili. Mchoro peke yake haumfanyi ndege apendwe. Hupendwa kwa sababu watu humwita pamoja, kwa sauti moja. Kwa hiyo fuatilia vibwagizo vya mashabiki. Kile cha Kansas kilianzishwa mwaka 1886 na profesa wa kemia, E. H. S. Bailey, na baadaye kikaongezewa maneno "Rock Chalk", yanayotokana na mawe ya chokaa ya kilima cha Oread kilipojengwa chuo. Kisha angalia michezo: James Naismith, mwanzilishi wa mpira wa kikapu, alifika chuoni hapo mwaka 1898, na timu ya wanaume imetwaa ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, miaka ya 1952, 1988, 2008 na 2022. Ushindi wa namna hiyo ndio uliompeleka ndege huyu mbali na Kansas, hadi kwa watu wasiojua lolote kuhusu vita vya utumwa.

Mwisho, wahoji wahitimu wa zamani mmoja mmoja, kwani wakikaa pamoja husahihishana hadi wote wanasimulia hadithi moja, kisha linganisha kauli zao na magazeti ya wanafunzi ya miaka hiyo.